Historia ya Kubadili Urithi wa Mpunga kwa Dawa

Katika taarifa za wataalamu wa mbegu za katikati ya karne ya 20 kuna jambo moja limsumbualo msomaji. Dawa ni ile ile, mbegu ni za aina ile ile, na kiasi cha dawa kilichotiwa majini ni kile kile. Lakini mtafiti mmoja asema kwamba miche yake ilikufa karibu yote, na mwenzake asema kwamba miche haikudhurika sana, ila katika kizazi cha pili mabadiliko ya urithi yalikuwa haba. Msomaji hudhani kwamba mmoja wao hakuwa mwangalifu. Aghalabu wote wawili walikuwa waangalifu, na kila mmoja aliandika alichokiona. Lililokosekana ni habari ambazo hakuna aliyejua kwamba yafaa ziandikwe: joto la maji, ukali wa asidi yake, muda ambao mbegu zililowekwa kabla ya kutiwa dawa, na jinsi zilivyooshwa na kukaushwa baadaye. Ilichukua miaka mingi mambo hayo madogo kutambuliwa kuwa ndiyo makubwa.

Kiswahili chamtofautishia msemaji wake mpunga, mchele na wali, na tofauti hiyo ina kazi hapa. Kitiwacho dawa ni mpunga, yaani punje ikiwa bado ndani ya kumvi lake. Kiinitete, ambacho ndicho kitakachokuwa mmea, ni kidogo sana nacho kimelala pembeni mwa punje, upande wa chini. Sehemu kubwa ya punje ni wanga tu, ambayo italiwa na mche na kwisha. Kwa hiyo dawa yapaswa kupenya kumvi, kisha ngozi ya ndani, ndipo ifikie seli chache ambazo kwa hakika zitazaa masuke. Itakayobaki katika wanga haina faida yo yote kwa mtafiti, bali yaweza kuudhuru mche unapoanza kujilisha.

Chanzo cha elimu hii si dawa bali ni miali. Mwaka 1927 Hermann Muller wa Marekani alionyesha kwamba eksirei huzidisha mabadiliko ya urithi katika inzi wa matunda, na mwaka uliofuata Lewis Stadler alitoa habari za namna hiyo kuhusu shayiri. Miali ina sifa moja iliyowafanya watafiti wastarehe: kipimo chake hupimika. Mtu aweza kusema kwamba mbegu zimepata miali kiasi fulani, na mwingine aliye mbali akairudia kazi ile kwa kiasi kile kile. Desturi hiyo ya kusema kipimo kwa tarakimu moja ilihamishwa baadaye kwenye dawa, na huko ndiko ilikoleta matata.

Habari ya dawa yaanzia Edinburgh wakati wa Vita Kuu ya Pili. Charlotte Auerbach, Myahudi aliyekuwa mwalimu wa shule Berlin, alifukuzwa kazini mwaka 1933 kwa sheria za Wanazi akahamia Uskoti. Huko alipata shahada ya udaktari mwaka 1935, na baadaye akakutana na Muller mwenyewe, aliyefanya kazi Edinburgh kabla ya kurudi Marekani mwaka 1940. J. M. Robson, mtaalamu wa dawa, alikuwa akichunguza majeraha ya gesi ya haradali, ile silaha iliyotumika katika Vita Kuu ya Kwanza. Majeraha hayo hayakupona upesi, na yalifanana na yale ya eksirei. Mwishoni mwa mwaka 1940 walianza kuwaweka inzi katika gesi hiyo kwa vyombo visivyo na kinga ya kutosha, hata mikono ya Auerbach ikaungua. Mabadiliko ya urithi yalionekana kwa wingi mapema mwaka 1941. Kwa kuwa jambo lilihusu silaha, halikuruhusiwa kutangazwa. Barua yao fupi ilichapwa katika jarida la Nature mwaka 1946.

Auerbach aliona pia jambo ambalo wakulima wa mpunga wangekuja kulikuta kwa taabu. Mara nyingi inzi aliyetokana na mbegu ya kiume iliyopata gesi alikuwa na mabadiliko katika sehemu ya mwili tu. Sehemu moja ilibadilika, nyingine ikabaki kama ya wazazi. Kwa miali jambo hilo lilikuwa haba zaidi. Dawa, basi, haikuwa eksirei iliyo katika chupa, ingawa kwa miaka kadhaa watu wengi waliitumia kama kwamba ni hivyo.

Katika mwaka huo huo wa 1946 Iosif Rapoport wa Moscow alitangaza kazi yake ya formaldehidi, ambayo aliifikia kwa njia yake mwenyewe. Rapoport alikuwa askari aliyepoteza jicho moja vitani. Mwezi Agosti 1948, katika mkutano ambao Trofim Lysenko aliutumia kuipiga marufuku elimu ya urithi katika Urusi ya Kisovieti, Rapoport alisimama hadharani akaitetea elimu hiyo. Alifukuzwa katika chama na akapoteza kazi yake ya uchunguzi. Mwaka 1957 Nikolai Semyonov, mkemia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia, alimwita katika taasisi yake ya fizikia ya kikemia. Hapo ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1960 yalipofanyika majaribio ya dawa za jamii ya nitrosoyurea, na mojawapo, methilinitrosoyurea, ambayo wataalamu huiita MNU, ndiyo itakayorudi katika habari za mpunga wa Japani.

Dawa iliyoenea kuliko zote, hata hivyo, ni ethilimethanisulfoneti, kwa kifupi EMS. Ni kimiminiko kisicho na rangi, kizito kuliko maji, na chombo kisipotikiswa huzama na kukaa chini, mbegu za chini zikapata nyingi na za juu zikapata kidogo. Ndani ya seli EMS hubandika kipande kidogo cha kaboni na haidrojeni juu ya guanini, mojawapo ya herufi nne za DNA. Guanini iliyobandikwa hivyo huweza kuoana na thimini badala ya sitosini, mwenzi wake wa haki, na seli inapogawanyika kosa hilo hunakiliwa likawa la kudumu. Hapo yaeleweka pia jambo alilolishangaa Auerbach: uzi mmoja wa DNA umebandikwa, wa pili haukubandikwa, na kila uzi utakuwa na uzao wake.

Uchunguzi wa taratibu juu ya namna ya kutumia dawa hizi ulifanyika zaidi kwa shayiri kuliko kwa mpunga. Huko Sweden walikuwako Åke Gustafsson na Lars Ehrenberg; katika chuo kikuu cha jimbo la Washington, mjini Pullman, Marekani, walikuwako Calvin Konzak na Robert Nilan pamoja na wenzao. Kazi ya Pullman ya miaka ya 1960 yastahili kuelezwa kwa kirefu, maana ndiyo iliyouvunja ule mtindo wa kutaja kipimo kwa tarakimu moja.

Watu wa Pullman walianza na swali la mkemia, si la mkulima: dawa yafanya nini ikiwa ndani ya maji kabla haijaigusa mbegu? EMS haitulii majini; huvunjika polepole ikawa alkoholi na asidi. Katika joto la nyuzi 20 za sentigredi, saa 93 hivi hupita kabla nusu yake haijavunjika. Kwa nyuzi 30 ni saa 26 tu, na kwa nyuzi 37 ni saa 10 na kitu. Diethilisalfeti, dawa ya jamii hiyo hiyo, ni nyepesi kuvunjika zaidi: kwa nyuzi 20 nusu yake imekwisha kabla ya saa 3 na nusu, na kwa nyuzi 30 ni saa 1 tu. Basi mtu aliyeacha mbegu zake katika diethilisalfeti usiku kucha, chumbani mwenye joto, kwa sehemu kubwa ya usiku alikuwa akizilowesha katika asidi ya salfa iliyozimuliwa. Taarifa yake ingetaja dawa, na miche yake ingekuwa imeuawa na asidi.

Kutokana na hesabu hizo ilionekana kwamba joto hufanya kazi mbili zisizokwenda sambamba. Kupenya kwa dawa ndani ya punje huongezeka kidogo tu joto likipanda. Kushambulia kwake huongezeka mara nyingi. Ndipo ilipowezekana kuzitenga kazi hizo mbili. Mbegu huwekwa kwanza katika dawa iliyo baridi, karibu na nyuzi 0, ili dawa iingie na kuenea bila kufanya kazi kubwa. Kisha huhamishwa kwenye joto ili kazi ifanyike kwa muda mfupi na kwa usawa katika kila punje. Ni busara ya mpishi aachaye nyama ikolee viungo kabla ya kuibandika motoni, ingawa wakemia waliifikia kwa tarakimu.

Asidi ilizuiwa kwa bafa, yaani chumvi kama fosfeti zinazouzuia ukali wa maji usibadilike. Lakini bafa yenyewe ikiwa nzito mno hudhuru mche, na kwa dawa nyingine kipimo cha pH si suala la usalama tu bali ndicho kiamuacho kama dawa itakuwako. MNU katika nyuzi 20 yaonyesha hivyo waziwazi: maji yakiwa ya pH 6, nusu yake hudumu saa 24, yakiwa ya pH 7, saa 1 na dakika chache, yakiwa ya pH 8, kama dakika 6. Hatua mbili ndogo za karatasi ya kupimia zageuza siku nzima kuwa dakika.

Mbegu nayo haikai tu kungojea. Punje kavu ikitiwa katika dawa hunywa maji na dawa kwa pamoja, na kila punje hunywa kwa mwendo wake. Ikilowekwa kwanza katika maji safi, huvimba, seli zake huamka, na baada ya saa kadhaa huanza kunakili DNA yake ili zigawanyike. Dawa ikiikuta seli katika kunakili, kosa hupata nafasi ya kudumu kabla seli haijalitengeneza. Kwa sababu hiyo kuloweka kabla kukawa sehemu ya kazi kwa shayiri na kwa mpunga vile vile. Na kwa kuwa mpunga ni mmea wa nchi za joto na kumvi lake ni gumu, saa za shayiri hazikuweza kunakiliwa tu zikatumika kwa mpunga.

Mambo hayakwisha mbegu zilipotolewa katika dawa. Zisipooshwa kwa maji yatiririkayo kwa saa kadhaa, dawa iliyobaki ndani huendelea kufanya kazi. Zikikaushwa kabla ya kuoshwa vizuri, maji hutoka na dawa hubaki, ikawa nzito kuliko ilivyokuwa chomboni. Miche ya mbegu za namna hiyo huumia mno. Huenda hiyo ndiyo sababu ya zile tofauti kubwa katika taarifa za zamani, maana mtafiti aliyepanda kitaluni siku ile ile na yule aliyekausha mbegu ili azipeleke kituo kingine cha mbali walikuwa, pasipo kujua, wamefanya majaribio mawili tofauti.

Katika taarifa iliyochapwa mwaka 1965, Konzak, Nilan na wenzao walipendekeza mizani miwili ya kupimia dawa. Mmoja wauliza: dawa hii yaleta mabadiliko mangapi kwa kila kipimo? Wa pili wauliza: yaleta mabadiliko mangapi kwa kila dhara, yaani kwa kila mche uliokufa, uliodumaa au uliokuwa tasa? Kwa Kiswahili mizani wa kwanza waweza kuitwa nguvu na wa pili tija. Dawa yaweza kuwa na nguvu nyingi na tija ndogo. Kwa mtu atafutaye mbegu bora, mizani wa pili ndio wenye maana, kwa kuwa mmea uliobadilika kisha ukawa tasa hauna wa kumrithi. Na tija, kuliko nguvu, ndiyo ibadilikayo pH, joto na kuoshwa vikibadilika.

Ushahidi mkubwa wa neno hilo ulikuja kwa sodiamu azidi. Chumvi hii ilikuwa maabarani siku nyingi ikitumika kuzuia upumuaji wa seli, na hakuna aliyeihesabu kuwa dawa ya kubadili urithi. Mwaka 1973 Nilan na wenzake walitangaza kwamba katika shayiri ni kali mno, ila sharti maji yawe ya pH 3. Sababu yake ni rahisi ikisha kujulikana: katika asidi ya namna hiyo chumvi hugeuka karibu yote kuwa asidi haidrazoiki, ambayo haina chaji na hupita katika ngozi ya seli bila taabu. Katika maji ya kawaida haipiti vema. Ndani ya mmea hubadilishwa ikawa kitu kingine, na hicho ndicho kiigusacho DNA. Mimea isiyoweza kukifanya haipati mabadiliko, nayo azidi imeshindwa kabisa katika arabidopsis, mmea mdogo unaopendwa na wataalamu wa urithi. Japani iliipima azidi kwa mpunga mapema, na habari za miche ya mpunga iliyoumizwa na ile iliyogeuka rangi zilichapwa huko mwaka 1980. Azidi haikati kromosomu sana, kwa hiyo tija yake ni nzuri. Lakini mvuke wa asidi hiyo ni sumu, nao umewaponza watu wa maabara.

Miche iliyogeuka rangi ndiyo iliyokuwa kipimo cha kila mtu kwa muda mrefu. Katika kizazi cha pili mtafiti huhesabu kitaluni miche myeupe, ya manjano na ya kijani hafifu. Miche myeupe hufa punje ikiisha wanga, haina faida kwa mkulima, lakini huhesabika upesi na kwa gharama ndogo.

Mpunga ulipata nafasi yake katika mpango wa kimataifa mwaka 1964, Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki yalipoanzisha idara yao ya pamoja huko Vienna. Kwa kuwa chanzo cha fedha kilikuwa atomiki, miali ilipewa nafasi ya mbele, na hata leo aina nyingi za mpunga zilizopatikana kwa njia hii ni za miali. Dawa ilibaki nyuma, na sababu haikuwa fedha peke yake. Ugumu mkubwa ulikuwa katika punje. Ncha ya chipukizi ndani ya kiinitete ina seli nyingi. Dawa ikibadili mojawapo, mmea utakaokua utakuwa wa viraka, suke hili limebadilika na lile halikubadilika. Ni ule mwili wa inzi wa Edinburgh, sasa katika jaruba. Mtafiti alilazimika kuvuna masuke mengi na kupanda kizazi cha pili kikubwa mno ili asipoteze alichokipata.

Hikaru Satoh na Takeshi Omura wa Chuo Kikuu cha Kyushu waliliondoa tatizo hilo kwa kuacha punje kavu kabisa. Katika kazi waliyoitangaza kuanzia mwaka 1979 waliyazamisha masuke, yakiwa bado juu ya mmea, katika maji yenye MNU muda mfupi baada ya kuchanua, yai likiwa limekwisha kutungishwa lakini lingali seli moja. Badiliko likiingia hapo huwa la mmea mzima. Kumvi bado laini, wanga bado haupo, na hakuna ncha ya chipukizi yenye seli nyingi. Masharti yote yaliyowasumbua watu wa punje kavu yalibadilishwa kwa kuchagua saa. Mwaka 1981 walitoa orodha ya aina mpya za kiini cha punje: za kunata, za unga, za sukari, zilizosinyaa.

Watu wamekwisha kula matokeo ya kazi ya namna hiyo. Mchele uitwao Milky Queen, uliopatikana kwa MNU kutoka kwa Koshihikari, aina maarufu ya Japani, una amilosi kidogo, na wali wake ni laini na wa kunata. Aina ya LGC-1, iliyotoka kwenye badiliko lililoletwa na ethiliniimini, ilitolewa kwa ajili ya wagonjwa wa figo wasioruhusiwa protini nyingi, maana sehemu ya protini ya punje inayomeng'enywa kwa urahisi imepunguzwa.

Baada ya DNA ya mpunga kusomwa yote, kazi iliyotangazwa mwaka 2005, haikuwa lazima tena kuhesabu miche myeupe. Mabadiliko yaliweza kuhesabiwa yenyewe. Hesabu hizo zakubaliana na watu wa Pullman kwa namna ambayo haikutazamiwa na wengi. Katika mpunga wa IR64 uliotiwa EMS ya asilimia 1 huko Ufilipino, ilikadiriwa mwaka 2005 kwamba kuna badiliko moja katika kila herufi milioni moja hivi. Mwaka 2007 watafiti wengine, kwa EMS iliyokuwa nzito zaidi na kwa aina ya Nipponbare, walipata badiliko moja katika kila herufi 300,000 hivi. Na kundi lao lililotiwa azidi pamoja na MNU halikuwa mbali na hapo. Mwaka 2008, kwa njia ya Kyushu ya kuzamisha masuke katika MNU, ilipatikana moja katika kila herufi 135,000. Aina za mpunga si moja, kwa hiyo tarakimu hizi haziwezi kulinganishwa kama fedha kwa fedha. Hata hivyo tofauti ya mara saba si ya kupuuzwa, na sehemu yake kubwa yaelekea kutokana na saa na hali ya kutiwa dawa kuliko jina la dawa.

Tarehe 11 Machi 2011 mawimbi ya tsunami yaliingiza maji ya bahari katika majaruba ya kaskazini-mashariki ya Japani. Wakati huo watafiti wa jimbo la Iwate walikuwa na hazina ya mistari ya mpunga wa Hitomebore iliyokwisha kubadilishwa kwa EMS. Walipima mistari 6,000 katika maji ya chumvi wakapata mmoja uliostahimili, wakauvusha tena na Hitomebore ili mabadiliko yasiyotakiwa yapungue, na mwaka 2015 wakatangaza aina iitwayo Kaijin. Jambo hilo lina maana pia kwa wakulima wa delta ya Rufiji, ambao wanayajua maji ya chumvi shambani. Kati ya Kaijin na Hitomebore zimehesabiwa herufi 201 zilizotofautiana, na iliyoleta ustahimilivu wa chumvi ni moja.